Kabla Hujabofya "Sajili": Namna ya Kuchagua Kozi Chuoni Marekani Bila Kukatwa Msaada wa Masomo

Mfumo wa usajili wa chuo hauna ubishi. Unasomea uhasibu na unataka darasa la upigaji picha? Nafasi ikiwepo, unaandikwa. Ubishi unaanza wiki chache baadaye, pale ruzuku inapopungua na mhasibu wa chuo anakutumia deni usilolielewa. Chanzo chake ni kwamba ofisi inayokuandikisha darasani siyo inayotoa pesa. Ya kwanza inaangalia kama kuna kiti. Ya pili, kwa kanuni za serikali kuu, ni lazima iangalie kama kozi hiyo inahitajika ili umalize masomo uliyojiandikisha. Isipohitajika, kwenye hesabu ya msaada ni kama hukuichukua kabisa.

Mwongozo huu ni wa anayepata msaada wa serikali kuu ya Marekani kupitia fomu ya FAFSA: ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, na mikopo ya wanafunzi. Mwenye viza ya F-1 hapati msaada huu, ingawa naye ana kanuni zake za kuchunga, ikiwemo ya kubeba krediti 12 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) kwa muhula akiwa shahada ya kwanza. Mifano yote hapa chini ni ya vyuo vinavyotumia semesta, yaani mihula miwili mikuu kwa mwaka.

Hatua ya 1: Tafuta fani iliyoandikwa kwenye faili lako

Usiangalie fani uliyo nayo moyoni. Ingia kwenye ukurasa wako wa mwanafunzi na usome neno kwa neno jina la programu uliyoandikishwa, kwa sababu kompyuta ya ofisi ya msaada inasoma hilo tu.

Wanaoumia zaidi hapa ni wanaotaka uuguzi, na katika jamii yetu ni wengi. Uuguzi katika vyuo vya jamii (community college) huwa na mlango wake: kwanza unasoma anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, takwimu na saikolojia, kisha unaomba kuingia kwenye programu yenyewe na kushindana na wenzako. Mpaka upokelewe, wewe bado si mwanafunzi wa uuguzi. Mara nyingi faili lako linasema "masomo ya jumla" au kitu cha namna hiyo. Sasa masomo ya jumla yanaweza kuhitaji sayansi mbili tu. Anatomia ya kwanza inakubalika kama sayansi, ya pili inakubalika, lakini mikrobiolojia inakosa pa kukaa. Kama bado una nafasi kwenye kozi za hiari, itaingia huko na italipiwa. Kama nafasi hizo ulishazimaliza kwa kozi nyingine, unailipia mwenyewe, ingawa kila mtu pale chuoni, mshauri wako akiwemo, anajua kwamba bila mikrobiolojia huingii uuguzi.

Dawa yake ni kuuliza mapema: "Nikiwa ninasubiri uuguzi, niandikishwe programu gani ambayo mahitaji yake yanabeba kozi nyingi zaidi za maandalizi?" Vyuo vingi vina programu ya sayansi za afya au ya sayansi ambayo inabeba karibu zote. Kuhamishwa kwenye faili ni fomu moja. Ifanye kabla ya muhula kuanza.

Hakikisha pia programu yenyewe inastahili msaada. Chuo kinaweza kupokea Pell kwa digrii zake na bado kikawa na vyeti vifupi visivyostahili hata senti. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefungua mlango wa Pell kwa mafunzo ya kazi ya wiki 8 hadi chini ya 15, kuanzia 1 Julai 2026, lakini programu lazima iwe imeidhinishwa. Mtu wa matangazo akikwambia "serikali inalipa", muombe akuoneshe hilo kwa maandishi.

Hatua ya 2: Chukua ripoti ya mahitaji ya digrii na upange kila kozi mahali pake

Karibu kila chuo kina ripoti ya kompyuta inayoonesha mahitaji ya digrii yako na kilichobaki. Ifungue. Kwa kila kozi unayotaka muhula ujao, weka kidole kwenye mstari itakaokaa: kozi ya lazima ya fani, ya elimu ya jumla, au ya hiari. Ikianguka chini kabisa, kwenye lile fungu la kozi zisizotumika popote, hiyo haitalipiwa.

Kozi za hiari ni akiba, na akiba huisha. Digrii ya krediti 120 inaweza kukuachia krediti 20 au 30 za kuchagua mwenyewe. Anayezitumia zote mwaka wa kwanza kwa madarasa ya kujaribujaribu hana pa kuweka kozi yoyote ya ziada mwaka wa tatu. Mimi ningeziacha nusu mpaka mwaka wa pili uishe, maana ndizo zinazokuokoa ukibadilisha fani.

Fani ndogo ya pembeni haihesabiwi yenyewe kama digrii yako haiidai. Kozi zake zinalipiwa tu zikipata nafasi kwenye mahitaji mengine. Kozi unayokaa kusikiliza bila alama hailipiwi. Krediti unazopata kwa kufanya mtihani bila kukaa darasani ni nzuri sana kwa kuokoa muda na pesa, ila haziongezi mzigo wako wa muhula kwenye hesabu ya msaada.

Hatua ya 3: Hesabu krediti zinazolipiwa, kisha uone zinakupa asilimia ngapi

Tangu mwaka wa masomo 2024–25, Pell inapimwa krediti kwa krediti. Krediti 12 zinazostahili ni asilimia 100. 11 ni 92, 10 ni 83, 9 ni 75, 8 ni 67, 7 ni 58, na 6 ni 50. Krediti 3 peke yake ni 25. Zamani mwenye 9, 10 na 11 walikuwa kapu moja. Siku hizi kila krediti ina bei.

Tuchukue mwanafunzi anayestahili Pell kamili ya 2025–26, yaani dola 7,395 kwa mwaka, karibu 3,697 kwa muhula. Amesajili kozi nne za krediti tatu tatu, jumla 12. Moja haimo kwenye digrii yake. Ofisi inaona 9, anapata asilimia 75, kama dola 2,773. Kozi moja imemtoa zaidi ya dola 900, na ada ya kozi hiyo bado anadaiwa.

Kwa mikopo ya serikali, mpaka ni krediti 6 zinazostahili. Ukiwa na 5, hupewi mkopo. Na kama una mikopo ya zamani, kushuka chini ya nusu muda kunaanzisha ile miezi sita ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa. Kwa mujibu wa sheria ileile ya 2025, kuanzia 1 Julai 2026 mkopo wa mwaka nao unapunguzwa kulingana na mzigo wako kama husomi muda wote, kwa hiyo ile tabia ya kuchukua krediti 6 na kukopa kiwango kizima ndiyo imefika mwisho.

Kiwango cha mkopo kinafuata pia umefika mwaka gani, na mwaka hapa unapimwa kwa krediti ulizomaliza. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi anaweza kukopa hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 wa pili. Vyuo vingi vinakuita wa mwaka wa pili ukishamaliza krediti 30. Ukifika Agosti ya pili ukiwa na 24, bado ni wa mwaka wa kwanza.

Hesabu nyingine ambayo watu huipita: krediti 12 zinakupa Pell kamili, lakini digrii ya 120 kwa mwendo huo ni mihula 10. Kwa 15 ni mihula 8. Kikomo cha Pell maishani ni sawa na mihula 12 ya muda wote, asilimia 600 kwa lugha yao, na muhula uliofeli nao umo ndani. Pesa za majimbo zina masharti makali zaidi. Excelsior ya New York, kwa mfano, inataka krediti 30 kwa mwaka, na mwenye kutegemea 12 kwa muhula hafiki.

Hatua ya 4: Kama unarudia kozi, angalia alama uliyopata mara ya kwanza

Hapa kanuni imekaa kinyume na watu wanavyodhani. Kozi uliyofeli kwa F, unaweza kuirudia na ikahesabiwa kwenye msaada mpaka uifaulu, mradi hujavunja masharti ya maendeleo ya masomo nitakayoyaeleza mbele. Kozi uliyofaulu unaruhusiwa kuirudia mara moja tu ikahesabiwa.

Na "kufaulu" kwa serikali ni alama yoyote iliyo juu ya F. Umepata D kwenye kemia na programu yako inataka C? Kwa programu umeshindwa. Kwa serikali umefaulu. Una nafasi moja ya kurudia. Ukiitumia ukapata D tena, au hata F, mara ya tatu ni mfukoni mwako. Kwa hiyo usirudie kemia muhula ambao umeongeza zamu kazini. Irudie muhula ambao una nafasi ya kuisoma kweli.

Hatua ya 5: Kozi za Kiingereza na za kuziba mapengo

Ukipangiwa hisabati au uandishi wa ngazi ya chini kabla ya kozi za chuo, serikali inalipia hadi krediti 30 za aina hiyo, kwa sharti kwamba umepokelewa kwenye programu ya digrii au cheti. Kozi za Kiingereza kwa wageni haziingii kwenye kikomo hicho cha 30.

Habari njema, lakini tazama upande wa pili. Kila muhula wa Pell unaoutumia kwenye Kiingereza unakula ile mihula 12 ya maisha. Nimeona watu wanafika mwaka wa nne wa uhandisi Pell imekwisha, kwa sababu ya miaka miwili ya Kiingereza mwanzoni. Kama kuna madarasa ya bure ya watu wazima karibu nawe, maliza ngazi za chini huko, kisha ingia chuoni ukiwa umebakiza ngazi moja au mbili.

Na kwa wale waliokuja na shahada ya kwanza kutoka nyumbani: huna Pell, hata kama chuo cha hapa hakiitambui shahada hiyo wala kuhamisha krediti zake. Mikopo unaweza kupata. Usijibu FAFSA kana kwamba huna shahada. Ikigundulika, pesa zote unazirudisha, na hilo ndilo dogo.

Hatua ya 6: Jua tarehe ya kufunga hesabu, na uonekane darasani kabla yake

Kila chuo kina siku, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu ya muhula, ambapo kinapiga picha ya krediti zako na Pell inafungwa kwa picha hiyo. Iandike kwenye kalenda. Kubadilisha kozi kufanyike kabla ya siku hiyo, na ukiangusha moja, weka nyingine inayostahili siku hiyohiyo.

Kuandikwa tu hakutoshi. Kozi ambayo hukuwahi kuhudhuria inaondolewa kwenye hesabu hata kama pesa zilishatoka. Kwa kozi za mtandaoni, kufungua ukurasa wa kozi hakuhesabiwi kuwa umehudhuria. Fanya kazi ya kwanza, jibu jaribio, changia mjadala wa somo. Kuwa makini zaidi na kozi zinazoanza katikati ya muhula, maana ni rahisi kuzisahau.

Kuacha kozi moja baada ya tarehe hiyo kwa kawaida hakupunguzi Pell ya muhula huo. Kuacha zote ni jambo jingine. Ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, unakuwa umestahili msaada kwa kadiri ya siku ulizokaa. Muhula wa siku 110, umeondoka siku ya 33: umestahili asilimia 30. Kama ulipewa dola 3,000, zako ni 900. Sehemu ya zile 2,100 chuo kinairudisha serikalini, halafu ada iliyokuwa imelipwa nayo inageuka deni lako kwa chuo, na vyuo vingi havikuandikishi tena mpaka ulipe. Kupotea kimyakimya na kupata F zote hakukusaidii. Chuo lazima kichunguze kama ulimaliza muhula au uliacha kuja.

Kwa hiyo kama maisha yamebana, mtoto kaugua au kazi imebadilika, jaribu kubakiza hata kozi moja uimalize. Kabla ya kujitoa, nenda ofisi ya msaada na uulize swali moja: "Nikiacha leo, nitadaiwa kiasi gani?" Wana uwezo wa kukupigia hesabu hiyo.

Hatua ya 7: Pima maendeleo yako kwa vipimo vitatu

Chuo kinalazimika kupima kama unasonga mbele, angalau mara moja kwa mwaka. Haya ndiyo masharti ya maendeleo ya masomo. Vifupisho vyake ni SAP, na utaviona kwenye barua.

Kipimo cha kwanza ni alama. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili unatakiwa uwe na wastani wa C au unaolingana nao, kwa kawaida GPA ya 2.0. Cha pili ni mwendo: sehemu ya krediti ulizojaribu ambazo umezimaliza. Vyuo vingi vinataka asilimia 67. W ya kuacha kozi haigusi GPA, ndiyo maana wengi wanaiona haina madhara, lakini kwenye mwendo ni sawa na kozi uliyojaribu ukashindwa. Krediti 15, umeacha kozi mbili za tatu tatu: umemaliza 9 kati ya 15, asilimia 60. Tayari uko chini.

Cha tatu ni kikomo cha muda: asilimia 150 ya urefu wa programu. Digrii ya 120 inakupa nafasi ya kujaribu krediti 180, basi. (Ndiyo asili ya ile 67: ukimaliza theluthi mbili ya unachojaribu, unafika 120 hasa pale 180 zinapoisha.) Krediti zilizohamishwa kutoka chuo kingine na kukubaliwa zinahesabiwa humo, na hata mihula uliyojilipia mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kubadilisha fani aulize kwanza sera ya chuo chake: krediti za fani ya zamani zisizotumika kwenye mpya, zinabaki kwenye hesabu au zinaondolewa? Vyuo vinatofautiana hapa. Kubadilisha mwaka wa kwanza si kitu. Kubadilisha ukiwa na krediti 90, ambazo 40 hazina pa kukaa kwenye fani mpya, kunakuacha na 90 za kujaribu na 70 za kumaliza. Inawezekana, lakini huna tena ruhusa ya kufeli ovyo.

Hatua ya 8: Kiangazi, na chuo cha pili

Pell ina nyongeza: kwa mwaka mmoja unaweza kupata hadi asilimia 150 ya kiwango chako, ambayo wengi huitumia kiangazi. Kwa nyongeza hiyo unatakiwa angalau krediti 6 zinazostahili. Nayo inakula kikomo cha maisha.

Ukitaka kuchukua kozi moja kwenye chuo kingine kwa sababu ni rahisi au ratiba inafaa, huwezi kupokea Pell pande mbili kwa wakati mmoja. Omba makubaliano ya maandishi kati ya vyuo hivyo viwili ili chuo chako kihesabu krediti za huko. Inachukua wiki kadhaa kwa sababu lazima saini zitoke pande zote, na si kila chuo kinakubali.

Hatua ya 9: Muhula wa mwisho

Umebakiza krediti 7 kuhitimu. Unaongeza 5 za kujaza ili ufike 12. Ofisi inaona 7, na Pell inakuja asilimia 58. Kozi za kujaza unalipa mwenyewe. Ndiyo sababu nilisema akiba ya kozi za hiari isiishe mapema: aliyebakiza krediti 5 za hiari kihalali ana 12 kamili. Fanya hesabu hii mihula miwili kabla, ugawe 19 zilizobaki kuwa 12 na 7, au 10 na 9, kisha uone ni mgawanyo gani unaokufaa zaidi.

Hatua ya 10: Barua ya kukatwa ikifika

Usiache. Vyuo vingi vinapokea rufaa ya SAP, na sababu zinazotambulika ni msiba wa ndugu, ugonjwa au ajali yako, na mazingira mengine maalumu. Barua ijibu mambo mawili, kwa ufupi: nini kilitokea, na nini kimebadilika hata lisirudie. La pili ndilo wengi hulisahau. Wanajaza ukurasa kwa msiba na kumaliza bila kusema sasa nani anamlea mtoto saa za darasa. Ambatanisha cheti cha daktari, cheti cha kifo, barua ya mwajiri, chochote chenye tarehe zinazolingana na muhula ulioharibika. Kama karatasi ni ya Kiswahili au Kifaransa, weka na tafsiri.

Peleka kabla ya tarehe ya kulipa ada, na wakati unasubiri jibu mwombe mhasibu akuwekee malipo ya awamu ili usifutwe darasani. Rufaa ikikubaliwa utapewa muhula mmoja wa majaribio, au mpango wa masomo unaotaja kozi kwa majina. Ukipewa mpango, usajili wako ufanane nao. Unataka kubadilisha hata kozi moja, andika barua pepe kwa aliyeusaini na usubiri jibu lake ndipo ubofye.